Usukani wa Pikipiki Unapoumiza: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Dereva wa bodaboda anayeanza kazi alfajiri katika stendi ya Kange na kuimaliza usiku mitaa ya Ngamiani hushinda ameshika usukani, kwa hiyo si ajabu kwamba maumivu ya mikono, mabega au kiuno hulaumiwa usukani huo kabla ya kitu kingine chochote. Ombi linalosikika katika gereji za Tanga ni fupi: "Fundi, nipandishie usukani kidogo." Fundi hupandisha, hulipwa, na baada ya siku chache mteja hurudi akisema kwamba ganzi haijaondoka, na juu yake imezuka shida nyingine, kwamba pikipiki inavuma yenyewe kila anapokata kona. Usukani ulipandishwa kabla mtu hajaulizwa kinachouma ni nini, kinauma mahali gani, na kinaanza kuuma wakati gani. Maelezo haya yanafuata maswali hayo, na yanahusu hasa pikipiki ndogo za sentimita za ujazo 100 hadi 150, kama vile Boxer, TVS, Haojue na SanLG, ambazo ndizo zilizojaa mjini na vijijini mkoani humu.

Msimamo wangu niuseme mapema: usukani mpya uwe hatua ya mwisho. Sehemu kubwa ya malalamiko huisha kwa kuzungusha usukani uliopo ndani ya vibano vyake, kurekebisha pembe ya leva za klachi na breki, na kutazama siti, kazi ambazo hazihitaji zaidi ya spana chache na nusu saa ya utulivu.

Kipimo cha kuanzia

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, ukae juu yake kama unavyokaa ukiwa kazini, kofia ngumu ikiwa kichwani na miguu ikiwa kwenye vikanyagio. Fumba macho, shusha mabega, inua mikono mbele bila kuikaza, kisha uiache itulie pale inapopenda yenyewe kushika. Ukifungua macho utaona tofauti kati ya mahali mikono ilipokwenda na mahali gripu zilipo: huenda gripu ziko mbele mno, chini mno, au zimepanuka kupita mabega. Tofauti hiyo ndiyo unayoishughulikia, nayo mara nyingi haizidi sentimita mbili au tatu.

Katika mkao unaofaa, viwiko vimekunjwa kidogo, vifundo vya mikono vimenyooka, na uzito wa kiwiliwili unabebwa na makalio, mapaja na miguu. Viganja viongoze pikipiki, visiibebee mwili. Kisha zungusha usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto, na uangalie kama mkono wa upande wa nje unaifikia gripu bila mwili kuinama kuufuata. Mkao unaopendeza barabara ikiwa imenyooka lakini unaokunyima kona kali haufai, hasa kwa anayefanya kazi katika vichochoro vya barabara za namba kule Ngamiani.

Kabla ya kulegeza chochote, weka alama ya rangi mahali usukani unapokutana na kibano, na nyingine mahali kila leva ilipofungwa. Rangi ya kucha inatosha. Rekebisha jambo moja, kisha endesha njia ileile ukiwa na mzigo uleule. Kutoka mjini hadi Pongwe na kurudi ni safari nzuri ya majaribio, kwa kuwa ina msongamano mwanzoni na lami iliyonyooka baadaye. Anayebadilisha usukani, gripu na siti kwa siku moja hatajua kilichomsaidia, wala kilichomharibia. Na pima upepo wa matairi kwanza, kwa sababu tairi la mbele lenye upepo mdogo hufanya usukani uwe mzito na mikono ichoke bila usukani wenyewe kuwa na kosa.

Ganzi ya vidole

Dalili hii ndiyo inayoletwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi, kwa sababu huchukuliwa kama jambo moja ilhali ni mambo matatu yanayofanana.

La kwanza ni ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete. Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo hupita karibu na ngozi kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho, na ukiegemea sehemu hiyo kwa muda mrefu mshipa hubanwa. Kwa hiyo dalili hii husema kwamba mikono inabeba uzito. Jiulize unabeba uzito huo lini. Kama ganzi huja kwenye barabara tambarare pia, usukani uko chini au mbele mno kwa urefu wako, na kuuzungusha kidogo kuja nyuma na juu ndani ya vibano kunaweza kutosha. Kama huja tu unaposhuka kutoka Amani kurudi Muheza, ambako mteremko wa Usambara humsukuma dereva mbele, basi tatizo ni mwili kuteleza. Bana tangi kwa mapaja, na uitazame siti kama imeinamia mbele. Kupandisha usukani kwa ajili ya mteremko huo peke yake kutakufanya ukae vibaya siku nyingine zote.

Sababu nyingine ya ganzi hiyohiyo ni ncha za usukani kuwa na pembe isiyolingana na mkono. Usukani uliozungushwa hadi ncha zake zikaelekea chini mno huweka uzito wote kwenye kitako cha kiganja, na uliozungushwa juu mno hukunja kifundo kuelekea upande wa kidole gumba. Mkono ulegee juu ya gripu kana kwamba umelala pale, huku kiganja kizima kikigusa sawasawa.

La pili ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati. Hapa mshipa unaobanwa ni ule unaopita katikati ya kifundo cha mkono, na kinachoubana kwa kawaida ni kifundo kukaa kimekunjwa kwa muda mrefu. Tazama leva kwanza. Dereva ambaye leva zake zimefungwa juu mno hulazimika kuinua vidole na kukunja kifundo kuelekea nyuma kila anapokamata klachi, na katika foleni ya mjini huikamata mara nyingi sana. Upande wa kulia kuna sababu ya ziada: mtu akishika akseleta mkono ukiwa umelala chini, hukunja kifundo zaidi kila anapovuta mafuta. Ashike gripu kiwiko kikiwa kimeinuliwa kidogo kabla ya kuvuta, ili akiwa kwenye mwendo wa kawaida kifundo kiwe kimenyooka. Aangalie pia ulegevu wa akseleta, yaani mzunguko wa gripu kabla injini haijaitikia. Milimita 2 hadi 6 ni kiasi cha kawaida, na ulegevu ukizidi, mkono hukunjwa bure kabla ya kazi kuanza.

La tatu ni ganzi ya mkono mzima, au mwasho unaobaki viganjani dakika kadhaa baada ya kushuka. Huo ni mtetemo. Injini ya silinda moja hutetema kwa asili yake, na katika barabara ya kwenda Horohoro, ambako mtu hukaa na mwendo mmoja kwa muda mrefu, mtetemo huo hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Ili kujua unatoka wapi, simamisha pikipiki, iwashe, vuta mafuta polepole, na utazame vioo vya pembeni. Taswira ikivurugika pikipiki ikiwa imesimama, chanzo ni injini au vishikio vyake: kaza bolti zinazoifunga injini kwenye fremu, ukague kama mojawapo imekatika au tundu lake limepanuka. Vioo vikitulia pikipiki ikiwa imesimama lakini vikatikisika ikiwa mwendoni, geukia magurudumu, spoku, beringi na mnyororo. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani na vizito vidogo kwenye ncha za usukani, navyo huwekwa ili kupunguza mtetemo; vikidondoka au vikiondolewa ili kuweka urembo, mtetemo huongezeka, na mwenye pikipiki halinganishi mambo hayo mawili.

Watu wengi hukimbilia gripu nene za sponji. Hupunguza mtetemo kidogo, ni kweli, lakini huongeza unene wa kushika, na mwenye vidole vifupi hulazimika kubana kwa nguvu zaidi, jambo linaloleta uchovu wa aina nyingine. Zaidi ya hayo, sponji hunywa jasho la joto la pwani na mvua ya masika, ikaanza kuteleza. Gripu ya mpira laini yenye unene wa kawaida, iliyogundishwa vizuri, inanipendeza zaidi. Ukibadilisha gripu ya kulia, hakikisha haisugui ncha ya usukani wala nyumba ya swichi: vuta mafuta hadi mwisho, achia, na gripu irudi yenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa umenyooka, umekatwa kulia, na umekatwa kushoto.

Kifundo na mkono wa mbele kuuma

Maumivu yanayopanda kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, hasa upande wa kushoto, mara chache hutokana na urefu wa usukani. Kaa kwenye siti, nyoosha vidole viwili juu ya leva ya klachi, na umwombe mtu akutazame kwa pembeni: kiwiko, kifundo na vidole vinapaswa kufuata mstari mmoja unaoshuka. Legeza bolti ya kishikio cha leva, izungushe hadi mstari huo upatikane, kisha kaza kiasi ambacho leva haigeuki kwa matumizi ya kawaida lakini inaweza kuzunguka pikipiki ikianguka, badala ya kuvunjika.

Leva ikishakaa sawa na maumivu yakabaki, pima uzito wa klachi yenyewe. Hewa ya chumvi ya Raskazone na Sahare huingia ndani ya kebo na kuitia kutu, na kebo yenye kutu huongeza uzito polepole kiasi kwamba mwenyewe huzoea bila kutambua, mpaka siku atakapokamata klachi ya pikipiki ya mwenzake. Fungua kebo upande wa juu, idondoshee oili nyepesi hadi itokee upande wa chini, na upake grisi kwenye bolti ambayo leva huzungukia. Uzi mmoja wa kebo ukiwa umekatika, usiitengeneze, nunua nyingine. Unaporudisha, acha ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya leva, au kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako.

Mabega, shingo na katikati ya mgongo

Mabega yanayochoma upande wa juu, karibu na shingo, huashiria mikono iliyoinuliwa au iliyopanuliwa mno. Hii ndiyo sababu kupandisha usukani si dawa ya kila mtu: gripu zikipita usawa fulani, mabega hubeba mikono kutwa nzima, na misuli ya shingo hukaza. Mtu mwenye mabega membamba aliyenunua usukani mpana wa pikipiki za mashambani hupata maumivu hayohayo bila usukani kuwa juu. Upana unaofaa ni ule unaoziacha gripu nje kidogo tu ya mabega.

Maumivu ya katikati ya mabega, kwa upande wa nyuma, huja kwa anayejinyoosha kufikia. Dawa yake ni kuleta gripu karibu. Kuziinua juu hakutamsaidia sana.

Kiuno na kifandugu

Hapa watu hukosea kwa kufikiri kwamba kukaa wima kabisa ni kukaa vizuri. Mwili ulioinama mbele kidogo hugawa mitikisiko kati ya miguu, makalio na mikono. Mwili uliosimama wima kama mlingoti hupeleka kila shimo moja kwa moja kwenye kifandugu. Kwa hiyo dereva aliyepandisha usukani ili kuuponya mkono, kisha akaanza kuumwa kiuno kwenye vumbi na matuta ya njia za mashamba ya mkonge, ashushe nusu ya alichopandisha.

Lakini sababu kubwa ya maumivu ya kiuno kwa watu wa bodaboda haipo kwenye usukani hata kidogo. Sponji ya siti huchoka mbele, pale dereva anapokaa, hubaki nene nyuma, kisha abiria humsukuma dereva kuelekea kwenye tangi. Hapo usukani huwa karibu mno na viwiko hukunjwa kupita kiasi, na dereva hudhani usukani ni mfupi. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, pamoja na ubaya wake mwingine unaojulikana, humbana dereva juu ya tangi kiasi kwamba hakuna usukani utakaomfaa. Fundi siti akijaza sponji ngumu sehemu ya mbele na kuisawazisha, mara nyingi mjadala wa usukani huishia hapo.

Ikiwa kweli ni lazima kupandisha

Baada ya hatua hizo, atabaki mtu mrefu ambaye vipimo vinamwonyesha wazi kwamba gripu ziko chini. Anazo njia mbili: kuweka vinyanyulio, yaani vipande vya chuma au aluminiamu vinavyokaa kati ya bamba la juu la shokapu na vibano vya usukani, au kununua usukani wenye mkunjo mrefu zaidi.

Vinyanyulio vina tabia ambayo wengi hawaitarajii. Shokapu za mbele zimelala, kwa kawaida kwa nyuzi 25 na zaidi kutoka wima, na kinyanyulio hupanda kwa kufuata mlalo huo. Kinyanyulio cha milimita 30 huinua gripu kwa takriban milimita 27 na kuzirudisha nyuma, kumwelekea dereva, kwa takriban milimita 13. Kwa mrefu hiyo ni faida mara mbili. Kwa mwenye mikono mifupi aliyetaka urefu tu, huenda ikamlazimu kuzungusha usukani mbele kidogo. Bolti ndefu zinazokuja na vinyanyulio zitazamwe kwa jicho kali: ziwe za chuma kigumu, na ziingie katika nyuzi za tundu la bolti kiasi kilekile kilichoingia zile za awali.

Usukani mpya hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kutoa pesa. Pikipiki nyingi ndogo hutumia bomba la milimita 22, kwenye gripu na kwenye vibano pia. Zipo sukani zilizonenepa katikati hadi milimita 28.6, ambazo gripu zake ni zilezile za milimita 22 lakini haziingii katika vibano vya kawaida, na zipo za milimita 25.4 zilizotengenezwa kwa pikipiki kubwa. Wapo wanaojazia tofauti ya unene kwa kipande cha kopo la soda. Kinashika gereji, na kinaachia siku dereva anapofunga breki ya ghafla na uzito wake wote ukaangukia usukani.

Katika kufunga, tafuta nukta iliyogongwa kwenye bomba la usukani na uilinganishe na mahali vibano viwili vinapokutana. Kibano cha juu kikiwa na nukta au mshale, alama hiyo huelekea mbele, na bolti za mbele hukazwa kwanza, kisha za nyuma, ili mwanya wowote ubaki nyuma. Pasipo na alama, kaza kwa zamu hadi mianya ya pande zote ilingane. Bolti za milimita 8 zinazotumika hapo hukazwa kwa kiasi cha nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kukazia) 20 hadi 25. Ukikazia bomba refu kwenye spana, utakata nyuzi za bamba la aluminiamu, na bamba ni ghali kuliko usukani. Sehemu inayobanwa iwe kavu, isiwe na grisi wala rangi mbichi.

Nyumba za swichi na akseleta katika pikipiki nyingi zina kijino kinachoingia katika tundu dogo la usukani. Usukani mpya usipokuwa na tundu, fundi mvivu hukisaga kijino, na siku moja nyumba ya akseleta inazunguka pamoja na gripu. Tundu litobolewe kwa keekee, dogo kadiri kijino kinavyohitaji, baada ya kupanga kila kitu na dereva akiwa amekaa kwenye siti. Lisiwe karibu na vibano wala kwenye mkunjo, kwa kuwa hapo ndipo bomba hubeba nguvu nyingi zaidi.

Dalili zinazozuka baada ya marekebisho

Injini inavuma yenyewe usukani ukikatwa. Kebo ya akseleta imekuwa fupi kwa usukani mpya, au imepitishwa mahali inapobanwa. Hili si la kuvumilia hata siku moja, kwa sababu pikipiki itaongeza mwendo pale unapogeuka katikati ya magari. Zima injini, fuata kebo kwa mkono kutoka kwenye gripu hadi kabureta, itoe ilipopinda au iliponaswa chini ya tangi, na uipitishe upande wenye mkunjo mpana. Kisha iwashe, iache ingurume bila kuvutwa mafuta, na uzungushe usukani hadi mwisho pande zote, mlio usibadilike. Ukibadilika bado, nunua kebo ndefu. Kulegeza skrubu ya marekebisho mpaka mwisho ni kuficha tatizo, kwani hubakii na nafasi yoyote ya kurekebisha baadaye.

Pikipiki inanguruma lakini haivuti, hasa mlimani. Kebo ya klachi imekaza na inaishikilia klachi nusu imeachia. Dereva mwenye magunia ya machungwa ya Muheza nyuma yake ataunguza sahani za klachi kabla hajajua kinachoendelea. Kagua ulegevu wa leva usukani ukiwa katika nafasi zote tatu. Ukitoweka katika mojawapo, kebo ni fupi.

Gurudumu la mbele ni zito au breki inajishika kwenye kona. Kwa breki ya drami, sababu na dawa ni zilezile za kebo. Kwa breki ya mafuta, tazama bomba lake: likinyooka kama kamba iliyovutwa usukani ukiwa mwisho wa kona, ni fupi, na hakuna marekebisho isipokuwa bomba refu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, washa (pete bapa) mpya za shaba kwenye maungio, na kutoa upepo hadi mapovu yaishe. Tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4. Kikombe cha mafuta hayo nacho kikae usawa baada ya usukani kuzungushwa. Kikiinama sana kinaweza kunyonya hewa mafuta yanapopungua, na leva ikawa laini ghafla.

Taa inazimika au honi inalia usukani ukigeuzwa. Nyaya za umeme zimevutwa kwenye shingo ya fremu. Hukatika ndani ya ganda, kwa hiyo kwa nje huonekana nzima. Washa kila taa, zungusha usukani polepole, na ushike fungu la nyaya sehemu baada ya sehemu hadi uipate inayokatika. Ongeza urefu kwa waya wa unene uleule, uunganishe kwa risasi ya kulehemu na kuufunika, usiuache uning'inie karibu na shokapu.

Gripu au kidole gumba kinagusa tangi. Usukani umezungushwa nyuma mno au una mkunjo usioifaa pikipiki hiyo. Usipinde bomba, wala usisage vizuizi vya kona. Urudishe mbele, au uuondoe.

Usukani unatikisika kwa mwendo. Dereva akikaa nyuma na wima zaidi, uzito hupungua kwenye gurudumu la mbele, na kasoro iliyokuwa imejificha hujitokeza. Kwa hiyo kabla ya kulaumu usukani mpya, kagua beringi za shingo. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na mtu amekandamiza nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie, zungusha usukani polepole: ukihisi unakwama kidogo pale katikati, njia za beringi zimechimbika. Kisha shika shokapu upande wa chini, zivute mbele na nyuma: mlio kama wa nyundo ukisikika, beringi zimelegea. Mizigo mizito nyuma ya siti huleta mtikisiko huohuo hata beringi zikiwa nzima. Jaribio la barabarani lifanyike bila abiria, nje ya msongamano, na kwa kuongeza mwendo hatua kwa hatua.

Usukani umekaa upande ilhali pikipiki inakwenda moja kwa moja. Hili hutokea baada ya kuanguka, na mara nyingi usukani haujapinda. Ni shokapu zilizojipinda ndani ya mabamba yanayozishika. Legeza bolti za mabamba, mhimili wa gurudumu na madigadi, simama mbele ya pikipiki ukibana gurudumu kwa magoti, nyoosha usukani, halafu ukaze kila kitu kwa mpangilio. Ikiwa bomba lenyewe ndilo lililopinda, libadilishwe.

Nimeacha makusudi njia moja inayopendwa kwa urahisi wake, nayo ni kumpelekea fundi wa kuchomelea akate usukani na kuongeza kipande cha bomba, au aupashe moto na kuupinda. Bomba la usukani ni jembamba, na moto hubadilisha ugumu wa chuma chake karibu na kiungo. Ufa huanzia chini ya kromu, mahali jicho halioni, kisha hewa ya bahari huumalizia kwa kutu. Usukani ukikatikia mkononi mwa dereva mwenye abiria, hakuna cha kushika. Bei ya usukani wa kawaida katika maduka ya spea si kubwa kiasi cha kuhalalisha hilo.

Yapo maumivu ambayo spana haiyafikii. Ganzi inayomwamsha mtu usiku, vidole vinavyoangusha vitu, au nyama ya kitako cha kidole gumba iliyoanza kupungua, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu umeumia kiasi cha kuhitaji daktari, hata kama pikipiki imekwisha kurekebishwa vizuri. Mwenye dalili hizo aende hospitali, kwa walio mjini Tanga hospitali ya Bombo ipo karibu, na amweleze daktari anaendesha saa ngapi kwa siku na ganzi iko kwenye vidole vipi, kwa kuwa maelezo hayo yatamwonyesha daktari ni mshipa upi unaobanwa.